Mkahawa Bila Kahawa

Tukuyu ni mji wa mvua nyingi na vibao vingi. Baadhi ya sehemu za wilaya ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na rangi ya kibao haihimili maji kiasi hicho. Kila baada ya misimu miwili mitatu mwenye biashara humwita mchoraji aandike upya. Kwa mpenzi wa lugha hiyo ni neema, maana kibao kinapoandikwa upya neno moja hupandishwa cheo na jingine hushushwa. Palipoandikwa "Hoteli" zamani, leo pameandikwa "Mgahawa". Palipoandikwa "Mgahawa" pamewekwa neno la Kiingereza. Na katika miaka ya karibuni limeingia neno fupi la herufi nne, "Cafe", ambalo kila mpita njia hulitamka kwa namna yake.

Mji wenyewe si mgeni wa kubadilishiwa kibao. Wajerumani walipoufanya makao ya utawala wao waliuita Neu Langenburg. Waliondoka, na jina likaondoka nao. Wenyeji walikuwa na Tukuyu yao, nayo ndiyo iliyobaki.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka jana niliombwa jina la kibao. Aliyeniomba ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alifanya kazi miaka sita katika hoteli moja ya watalii mjini Arusha, akajifunza kukaanga buni, kuzisaga na kuendesha mashine ya kahawa. Aliporudi nyumbani alikuwa na akiba, na baba yake ana mibuni katika shamba lake la Masoko, imesimama katikati ya migomba kama ilivyo desturi ya wakulima wengi wa huku. Akapata chumba cha biashara karibu na barabara kuu itokayo Uyole kwenda Kasumulu. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, naye akalipa. Nusu ya akiba ikaenda kabla kikombe kimoja hakijauzwa.

"Shikamoo, mjomba," aliniambia kwenye simu. "Wewe ndiye mwenye maneno katika ukoo huu. Nipatie jina litakalomwingiza mtu ndani. Mchoraji anakuja wiki ijayo, na BRELA nao wanataka jina la biashara."

Nilimjibu kwamba nitalitafuta, lakini kwanza niwaone majirani. Mtoto hapewi jina kabla ya kujua watoto wa nyumba ya pili wanaitwaje. Nikazunguka mjini siku tano, daftari mkononi, nikiagiza na kunywa.

Nilianza na hoteli. Ndugu zangu mliozaliwa mijini mtalicheka neno hili, lakini katika Kiswahili cha wengi hoteli ni mahali pa kula wali na nyama. Kitanda hutafutwa gesti. Hoteli hushindana kwa ukubwa wa sahani, na mteja wake hukaa kwa muda wa kumaliza sahani hiyo. Akimaliza, meza hufutwa mbele yake, na kitambaa kile cha kufutia ni kauli: mwingine anasubiri.

Jirani wa hoteli ni mama ntilie. Katika majina yote ya biashara hii, hili ndilo pekee lililotungwa na mteja. Ni sentensi kamili iliyogandishwa ikawa nomino: "Mama, nitilie." Ina mwitwa, ina mtendwa, ina ombi. Baadaye lugha ya ofisi ikaona ombi hilo halina heshima, ikaleta "mama lishe". Jina jipya lina adabu, na limemweleza mama kwa kazi yake. Lakini sauti ya mwenye njaa anayenyoosha sahani haimo tena.

Kisha kuna kijiwe. Neno lenyewe ni jiwe lililodogoshwa, jiwe la kukalia. Kijiwe hakina kibao wala leseni ya ukuta. Kina birika juu ya mkaa, vikombe vidogo visivyo na mikono, kashata, na mazungumzo. Muuza kahawa akikosa watu huchukua birika lake na kuwafuata waliko, akigonganisha vikombe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeifikiria methali hiyo nikiwa nimesimama kwenye manyunyu ya saa kumi na moja alfajiri, kikombe cha kahawa chungu kikinipasha vidole, na nikaona kwamba muuza kahawa ameikanusha. Kahawa yake yajitembeza, na ni nzuri kuliko nyingi zilizotulia ndani ya kuta.

Hatimaye mgahawa, ambao wengine huutamka mkahawa, na kamusi zimeyakubali yote mawili. Hapa ndipo daftari langu lilipojaa. Asili ya neno iko wazi: ni kahawa, tuliyoipokea kutoka kwa Waarabu pamoja na buni yake. Mkahawa, kwa haki ya jina, ni nyumba ya kahawa. Basi niliingia katika migahawa sita ya mji huu na katika kila mmoja nikaagiza kahawa. Katika mitano niliwekewa kikombe cha maji ya moto na kopo la Africafe, kahawa ya unga inayotengenezwa Bukoba, upande wa pili wa nchi. Katika wa sita mhudumu aliniangalia kwa huruma akasema, "Kahawa hatuna, baba. Chai ipo."

Chai ipo, naam. Rungwe ni nchi ya chai. Wakulima wadogo huchuma majani mabichi na kuyapeleka kwenye vituo vya kununulia, nayo huishia viwandani Katumba na Mwakaleli. Maziwa nayo ni mengi, na ndizi hazihesabiki. Ndiyo maana chai ya maziwa na chapati ndivyo vinavyotawala asubuhi ya Tukuyu, na "kunywa chai" ni jina la mlo wenyewe, hata kama mtu hakunywa chai. Kahawa imekuwa na safari tofauti. Mkulima huivuna, huimenya, huianika, huikabidhi kwenye chama chake, nayo hupelekwa mnadani. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huvuka bahari. Shemeji yangu amelima mibuni kwa miaka zaidi ya thelathini, na alikunywa kahawa ya shamba lake kwa mara ya kwanza siku binti yake aliporudi kutoka Arusha akamkaangia kwenye sufuria. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna sukari.

Hivyo orodha ya washindani wa mpwa wangu haikuwa kama nilivyoidhania. Harold Hotelling, mchumi wa Marekani, alieleza mwaka 1929 kwamba wauzaji wawili wa kitu kimoja katika barabara moja huvutwa kusogeleana, kila mmoja akitaka kumpunguzia mwenzake wateja, mpaka wanakaribia kugusana. Mama lishe wa stendi wanaijua kanuni hiyo bila kumsoma: wamepangana bega kwa bega, chungu kwa chungu. Lakini mpwa wangu hakuwa na wa kumsogelea, kwa kuwa hapakuwa na aliyeuza anachokiuza. Mshindani wake mkubwa nilimkuta katika kila nyumba niliyokaribishwa. Ni chupa ya chai. Imejazwa alfajiri, imefungwa vizuri, haidai kodi, na mvua inaponyesha hakuna sababu ya kutoka kuifuata. Ili mtu aiache chupa hiyo, avae buti, ashike mwavuli na kulipa shilingi 1,500 kwa kikombe, lazima apewe kitu ambacho chupa haina.

Kitu hicho ni nini? Nililiona jibu siku ya tatu, nikiwa kijiweni. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja. Tulizungumza bei ya parachichi, mpira, na maradhi ya mtu tusiyemtaja. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Wanawake walikuwa ng'ambo ya barabara, wamesimama mbele ya majiko wakiuza, au wanapita na mikungu ya ndizi kichwani, au wanakula haraka kwenye kona ya benchi ili warudi kazini. Hali hii haikuanzia Tukuyu. Nimewahi kukaa Jaws Corner, pale Mji Mkongwe wa Unguja, ambako kahawa na siasa hunywewa kwa pamoja tangu zamani, na waliokaa ni wanaume. Lugha yetu ina baraza, ina kijiwe, ina maskani, na karibu kila neno linalotaja mahali pa kukaa bila kazi limemjengea kiti mwanamume. Mwanamke aliyekaa peke yake na kikombe kimoja huulizwa anamsubiri nani.

Nilipomweleza mpwa wangu haya hakushangaa hata kidogo. "Mjomba, mimi nilijua hivyo kabla sijalipa kodi. Ninataka mahali ambapo mwalimu wa kike atakaa saa nzima akasahihisha madaftari yake, na asiulizwe."

Kisha akanipigia hesabu ambayo mimi mwenye maneno nisingeiweza. Kiti cha mama lishe huingiza wateja wengi kwa siku kwa sababu hakuna anayekaa. Kiti cha nyumba ya kahawa hukaliwa. Mtu akikaa saa nzima na kikombe kimoja, kile kikombe lazima kilipie kahawa, maziwa, umeme, na pia saa ile. Ndiyo maana bei ni 1,500 wakati kijiweni ni 200. Alihitaji kuuza vikombe 40 kwa siku ili apumue. Na ili watu 40 waingie, jina lililo juu ya mlango lazima liwe limewaruhusu.

Tukaanza kubishana juu ya neno.

Yeye alitaka "Cafe". Hoja yake ilikuwa na nguvu. Magari ya Mbeya na Kyela hupita kwa kasi, wanunuzi wa parachichi hupita, wageni waendao Malawi hupita, na neno la herufi nne husomeka kabla gari halijapita. Nilimkumbusha kwamba neno hilo lilipofika katika miji yetu lilikuja limeunganishwa na intaneti. Tuliingia kwenye kafe za intaneti tukakuta kompyuta nane na feni moja, na kahawa haikuwemo. Simu zilipopata intaneti kafe hizo zilikufa, nyingine zikawa maduka ya kutoa nakala. Kwa watu wa rika langu kafe ni chumba cha kungojea barua pepe. Na kwa mama anayetoka sokoni, maneno ya Kiingereza mlangoni huonya juu ya bei iliyo ndani. Hataingia ili aaibike.

"Basi tuandike Mgahawa," akasema, "waingie wakiuliza wali nyama. Nikisema sina, wataniona nina dharau."

Alikuwa na haki. Jina lisilo sahihi humwingiza mteja asiye wako, naye hutoka na kinyongo na kukisambaza. Tukalijaribu "Baraza". Pwani lingekuwa neno zuri, lenye kivuli na utulivu. Bara linakumbusha wito: baraza la kata, baraza la ardhi. Mtu angedhani ameshtakiwa. Tukajaribu "Kijiwe cha Kina Mama". Dada yangu, aliyekuwa akisikiliza, alisema hatakanyaga mahali panapoitwa kijiwe, kwa kuwa neno hilo limebeba harufu ya uvivu na yeye amelima maisha yake yote. Tukajaribu "Ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa. Lilitupendeza wote. Lakini asante husemwa mwisho, mtu akiisha kupokea, na sisi tulitafuta neno la kumkaribisha aliye bado nje.

Siku ya tano nilirudi kwenye neno nililolianza. Mkahawa. Nililipekua kama mtu anavyopekua mfuko wa koti la zamani. Kiambishi m- katika ngeli ya u-i kina kazi maarufu: kwenye tunda hutengeneza mti. Chungwa, mchungwa. Embe, mwembe. Mti wa kahawa tunauita mbuni, lakini wapo wasemaji wauitao mkahawa, na sarufi haiwakatazi. Neno moja, basi, limebeba mti ulioko mlimani na nyumba iliyoko mjini, na katika Tukuyu hivyo viwili vilikuwa havijawahi kukutana. Nikaliongezea kiambishi cha mahali. Mkahawani. Mara likafunguka kwa njia tatu ambazo Kiswahili kinazijua: mkahawani hapa, mkahawani huku, mkahawani humu. Ni mahali hasa, ni upande wa kuelekea, ni ndani ya kuta. Na ni chini ya mti pia.

Kwa furaha nikatunga ubeti huu, nikamtumia:

Mbuni umeshamiri, Rungwe unaonekana,
Buni zake zasafiri, mnadani zashindana,
Mwenyewe hana habari, utamu hajauona,
Mkahawa una siri: mti, nyumba, moja jina.

Jibu lilikuja jioni. "Jina nimelichukua, mjomba. Shairi nitalitundika ndani. Nje watu wanalowana."

Kibao kikaandikwa MKAHAWANI kwa herufi kubwa za rangi ya udongo. Chini yake, kwa herufi ndogo, mpwa wangu aliongeza maneno yake mwenyewe: "Kahawa ya Rungwe. Karibu ukae." Nimeyatazama maneno hayo mara nyingi. Vibao vya mji mzima hukaribisha mtu ale, anywe, ajipatie. Hiki kimemwambia akae, na kitenzi hicho kimoja ndicho anachokiuza.

Mchoraji alipokuwa bado juu ya ngazi, alifika mama lishe wa jirani, mikono ikiwa na unga. Alisalimia vizuri, akatazama meza, kisha akauliza swali lililokuwa limemnyima usingizi: "Mwanangu, utapika?" Mpwa wangu akamjibu, "Hapana, mama. Mtu akitaka chapati nitaituma kwako." Wakakubaliana pale pale, bila karatasi. Chapati hutoka kwa jirani na kulipwa jioni, na wateja wa jirani wanaotaka kukaa baada ya kula huelekezwa Mkahawani. Biashara haigombi, wasema Waswahili, na hapo nililiona maana yake ikitembea na sahani mkononi.

Orodha ya bei ilitupa kazi nyingine. Kahawa kali ya kikombe kidogo tuliiita kahawa nzito. Ile yenye maziwa mengi ni kahawa ya maziwa, jina lililokuwepo tangu zamani. Ya kuondoka nayo ni kahawa ya kubeba. Mashine hatukuipa jina. Wateja wenyewe wameiita mtambo, kwa sababu ya mngurumo wake. Mzee mmoja huingia kila Jumatano, hasemi anataka nini, husema tu, "Washa mtambo."

Sasa ni mwezi wa tano. Siku za soko vikombe hupita 40. Siku za kawaida ni 25, mara 30, na mvua ikikaza hupungua. Alasiri za Ijumaa meza ya dirishani hukaliwa na walimu watatu wa kike wenye madaftari. Wiki iliyopita mwanamume mmoja alisimama kizingitini, akawaona, akauliza kama hapa ni pa wanawake. Mpwa wangu akamwambia, "Ni pa kukaa, baba. Karibu." Aliingia, akakaa, na hakuna aliyemuuliza anamsubiri nani.

Mwezi ujao kodi ya miezi sita mingine inadaiwa. Fedha haijatimia, na mimi na shemeji tumekwisha kusikilizana tutakavyomshika mkono. Sitasema kwamba jina zuri litalipa kodi, kwa kuwa vikombe ndivyo vilipavyo. Ninachoweza kusema ni kwamba wale walimu watatu walipita mbele ya milango mingi ya mji huu kwa miaka mingi, na mlango waliouingia ni ule uliowaambia, kwa lugha yao, wafanye jambo walilokuwa wakilihitaji.

Naomba msaada wenu, wapenzi wa lugha. Mtu anayekaa saa nzima na kikombe kimoja, wahudumu wa mjini humwita "aliyeganda", na husema hivyo kwa kuudhika. Mpwa wangu anaishi kwa kumuuzia mtu huyo utulivu, na hapendi aitwe hivyo nyumbani kwake. Je, huko kwenu, Lamu, Kigoma, Tanga au Goma, mnalo neno la heshima la kumwita? Nileteeni. Ukutani, kando ya ule ubeti, bado pana nafasi.